TUWAANDIKE WAZEE WETU WAKIWA HAI

(Mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo wa Geita)



Leo sikuja kuzungumza juu ya mbolea wala palizi. Nimekuja kuzungumza juu ya bibi yangu, aliyemzaa baba yangu. Alifariki mwaka 2019 kijijini kwetu, mkoani Shinyanga.

Siku ya mazishi nilipewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, kwa sababu mimi ndiye mwalimu katika ukoo. Ndugu zangu, wasifu wenyewe ulikuwa mistari minne. Alizaliwa mwaka usiojulikana. Aliolewa. Alizaa watoto saba. Aliugua, akafariki. Basi. Nikakunja karatasi, lakini moyoni niliona aibu. Bibi huyu alinilea miaka sita. Alinilisha michembe na maziwa ya mgando. Nimesoma mpaka chuo cha ualimu, kumbe maisha yake sikuyajua hata ya kujaza ukurasa mmoja!

Tulipoanua matanga, shangazi alifungua sanduku la bati la Bibi. Chini ya kanga zake tulikuta daftari. Lilikuwa daftari lake la kisomo.

Bibi alianza kisomo mwaka 1971. Kisomo chenye manufaa kilikuwa kimeanza kujaribiwa katika mikoa ya Ziwa tangu mwaka 1968, na mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule, kati ya watu wazima kumi nchini, karibu saba hawakujua kusoma. Huku kwetu watu walijifunza kusoma kwa habari za pamba: kupanda kwa mistari, kupalilia, kuchambua. Mwezi Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa zima. Baada ya mtihani ule, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki karibu wanne katika kila kumi.

Je, daftari lilikuwa na nini?

Kwanza, lilikuwa na majina ya watoto. Hawakuwa saba, walikuwa tisa. Wawili walikufa wangali wadogo. Wa kwanza kabisa alikuwa msichana. Mbele ya jina lake Bibi aliandika: "Mwaka wa Uhuru. Surua." Baba yangu, mwenye mvi kichwani, hapo ndipo alipojua kuwa aliwahi kuwa na dada mkubwa. Alilishika daftari lile muda mrefu bila kusema neno.

Pili, lilikuwa na kilo za pamba, mwaka kwa mwaka. Hapo baba akakumbuka kisa. Siku moja kwenye gulio mizani ilionyesha kilo 38. Karani akaandika 33. Bibi akamwambia, "Mwanangu, hebu tazama tena." Karani akafuta, akaandika upya. Watu waliokuwa nyuma yake wakataka na wao wasomewe mizani kwa sauti.

Tatu, lilikuwa na majina ya majirani aliowasomea barua. Wakati wa Vita ya Kagera, mwaka 1978 na 1979, vijana waliokwenda vitani waliwaandikia mama zao. Mama wengi hawakujua kusoma. Walimfuata Bibi usiku, naye aliwasha koroboi akawasomea.

Ndugu zangu, sasa nitasema jambo zito. Katika uzee wake, macho ya Bibi yalikuwa mekundu. Hapa Geita na kule Shinyanga, sote tunajua macho mekundu yamewaponza wazee wangapi. Akina mama wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Macho yale yaliletwa na moshi. Bibi alipikia kuni, mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe zaidi ya miaka hamsini. Hata hivyo, maneno yalianza kupita kisimani. Ndipo mama mmoja aliposimama mkutanoni akasema, "Huyu ndiye aliyenisomea kuwa mwanangu yu hai vitani. Ninyi mnamwita mchawi?" Watu wakanyamaza. Maneno yakaisha.

Mnaona? Mama yule aliyajua maisha ya Bibi, ndiyo maana aliweza kumtetea. Vijana waliokuwa wakinong'ona waliona macho tu. Mzee asiyejulikana habari zake ni rahisi kumzushia.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja. Ninyi mnajua kuandika. Msingoje msiba. Andikeni habari za wazee wenu wakiwa hai. Fanyeni hivi:

1. Keti na mzee jioni, baada ya chakula. Muulize taratibu. Usimuulize kama askari.

2. Akisema hajui mwaka, mkumbushe mambo makubwa. Uhuru ulikuwa 1961. Azimio la Arusha, 1967. Operesheni Vijiji, 1974. Kuzama kwa meli ya MV Bukoba, 1996. Kifo cha Mwalimu Nyerere, 1999. Muulize, "Wakati ule ulikuwa umeolewa? Ulikuwa na watoto wangapi?" Sisi tulifanya hivyo. Bibi alizaa mara ya kwanza mwaka 1961, akiwa msichana wa miaka kama 18. Basi alizaliwa karibu na mwaka 1943.

3. Andika watoto wote, hata waliokufa.

4. Andika kazi aliyoifanya na watu aliowasaidia.

5. Msomee ulichoandika, akusahihishe. Kisha weka daftari mahali pasipo na mchwa wala mvua.

Mwaka uliofuata tulikusanyika kumjengea Bibi kaburi. Nilisoma wasifu mpya. Ulikuwa kurasa tano, na watoto tisa walitajwa wote. Nilipomaliza, mzee mmoja alisema, "Leo ndiyo tumemzika."



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba yako, ni mzee gani ambaye habari zake hazijaandikwa?

2. Kwa nini macho ya wazee wengi huwa mekundu? Tufanye nini jikoni ili kupunguza moshi?

3. Ukisikia mzee anasingiziwa, utasema nini mkutanoni?