Uzito Si Kamba

Liko wazo lililoenea miongoni mwetu kwamba mzigo mzito hauhitaji kufungwa sana. Gunia tupu litapeperushwa na upepo, watu husema, lakini katapila la tani 20 litakwenda wapi? Wazo hilo ni la hatari, na leo tulitazame kwa upande wa usafiri wa reli.

Treni inapong'oka, inapofunga breki, inapopinda kona au mabehewa yanapogongana wakati wa kuunganishwa, mzigo hutaka kuendelea na mwendo uliokuwa nao. Kadiri ulivyo mzito, ndivyo nguvu hiyo inavyozidi. Mwongozo wa kimataifa wa upakiaji, uliotolewa mwaka 2014 na mashirika ya Umoja wa Mataifa likiwemo Shirika la Kazi Duniani, unataka mzigo wa reli ukadiriwe kusukumwa ubavuni kwa nguvu iliyo sawa na nusu ya uzito wake. Katapila letu, basi, lifungwe kana kwamba kuna tani 10 zinazolivuta upande. Tena katapila hukanyagia chuma, na sakafu ya behewa ikiwa ya chuma, kisha pakawa na matope, mafuta au mvua, huteleza.

Je, lifanyweje? Sakafu isafishwe, na mbao au mpira uwekwe chini ya mashine. Mashine ikae katikati ya behewa, ili magurudumu ya mbele na ya nyuma, ya kulia na ya kushoto, yagawane uzito. Breki yake ifungwe, na kabari zipigiliwe imara mbele na nyuma. Kama ina mkono wa kuchimbia, ushushwe na ufungwe. Na kama kiwiliwili chake huzunguka, kibanwe kisizunguke. Minyororo ivute kutoka pembe zote nne, ikishikizwa mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwenye bomba wala ngazi ya dereva. Halafu kimo na upana wake vipimwe, kwa sababu njiani kuna madaraja na mahandaki.

Hata hapo kazi haijaisha. Mtikisiko hulegeza mnyororo uliokazwa vizuri. Lazima ukaguliwe tena baada ya mabehewa kuunganishwa, na tena treni inaposimama njiani.

Utasema: mimi si mfanyakazi wa reli, yanihusu nini? Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, na njia yake ni moja. Reli inayopitisha mitambo ndiyo inayopitisha abiria. Kitakachoanguka usiku kutoka treni ya mizigo kinaweza kuisubiri treni ya mama anayekwenda kumwona mwanawe Mbeya.

Tukumbuke yaliyotokea Denmark tarehe 2 Januari 2019. Treni ya mizigo ilikuwa ikivuka daraja la Great Belt katika upepo mkali. Tela moja la lori lililopakiwa juu ya behewa lilichomoka, likagongana na treni ya abiria iliyokuwa ikija upande wa pili. Watu wanane walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba tela hilo halikuwa limefungwa na kufuli ya behewa. Na lilibeba nini? Chupa tupu za bia. Ikiwa chupa tupu zilifanya hayo, tani 20 za chuma zitafanya nini?

Ndugu msikilizaji, ujuzi wa kufunga mzigo upo. Kinachopungua mara nyingi ni subira. Meli inasubiri nafasi gatini, mwenye mali anapiga simu, mkubwa anauliza mbona treni haijaondoka. Katika haraka hiyo, mfanyakazi anayesema "mnyororo huu umelegea" huonekana mkorofi. Mdharau mwiba, wahenga walisema, mguu huota tende. Mfanyakazi huyo apewe mamlaka ya kuizuia treni, na asiulizwe kwa ukali amechelewesha dakika ngapi. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyeamuru iondoke.