Matayarisho ya Nyumbani Kabla ya Gharika ya Rufiji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wenzetu walio katika vituo vya mbali.)



Tumeombwa na Halmashauri ya chama tuseme machache juu ya gharika ya mto Rufiji, na juu ya matayarisho yampasayo kila mwenye nyumba au shamba bondeni kabla maji hayajafika. Twashukuru kwa heshima hiyo, ingawa twajua wapo wazee wavuvi na wakulima huko Rufiji ambao wangeisema habari hii vizuri kuliko sisi, tena bila ya karatasi mkononi.

Mto huu wapokea maji ya karibu sehemu moja katika tano za nchi yote ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu huleta maji ya nyanda za juu za Mbeya na Iringa, Kilombero huleta ya milima ya Udzungwa na Mahenge, na Luwegu huleta ya kusini. Kwa hiyo mtu wa Utete aweza kuona mbingu i safi juu ya kichwa chake, na jua lawaka, huku maji yapanda ukingoni. Mvua iliyoyaleta ilinyesha mbali, siku nyingi zilizopita.

Wenyeji wa bonde hawakuwa wajinga wa jambo hili. Walijenga madungu, ndivyo vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, wakakaa humo kulinda mpunga wao, na mtumbwi umefungwa nguzoni. Maji yakiisha kupungua, walipanda mlau, yaani mazao ya udongo mbichi ulioachwa na mto: mahindi, kunde, na pamba. Gharika ya kadiri ilikuwa mbolea isiyonunuliwa. Iliyowadhuru ni ile iliyopita kiasi, au iliyotangulia wakati wake, mpunga ungali mfupi.

Baada ya gharika ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni, wakapewa vijiji katika nchi ya juu upande wa kaskazini. Mwaka 1974 maji yalikuja tena kwa nguvu nyingi, na walio juu waliona faida ya kuhama. Walakini nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Udongo mzuri ulibaki chini, na watu wakaendelea kuufuata. Hata leo, msimu wa kilimo ukifika, jamaa nyingi hushuka na watoto wao, wakalala shambani wiki kwa wiki. Atakayehesabu watu kwa kutazama paa za vijijini peke yake atakosea hesabu.

Mwezi wa Aprili 2024 jambo hili lilionekana wazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mashamba yalifunikwa, na nyumba zikaingiwa na maji. Tarehe 25 ya mwezi ule Waziri Mkuu aliliambia Bunge ya kuwa mvua zile zimekwisha kuua watu 155 katika nchi yote, na watu zaidi ya 200,000 wamepatwa na madhara.

Liko jambo moja ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo lataka kufikiriwa sana. Tangu Desemba 2022 maji ya Rufiji yalianza kuzuiwa katika Bwawa la Julius Nyerere. Bwawa hupunguza ukali wa mto kwa kuyashika maji mengi; lakini likijaa, hapana budi milango ifunguliwe, kama ilivyofunguliwa mwaka 2024. Mzee wa bondeni alizoea kuitambua gharika kwa rangi ya maji, na kwa magogo na magugu yaliyoelea. Dalili hizo zingali na kazi yake, wala hatuzidharau. Lakini hakuna dalili katika rangi ya maji itakayomwambia mhandisi atafungua mlango saa ngapi. Habari hiyo haina njia ya kufika shambani ila kwa maneno ya mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mmoja wetu.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita baadhi yetu tulikuwa katika kituo kimoja cha bondeni, ambacho si lazima kutajwa. Siku ya Ijumaa, adhuhuri, ilifika barua ya tahadhari. Ilipokewa, ikapigwa muhuri, ikaandikwa katika rejista, ikabandikwa ubaoni nje ya ofisi. Kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa, na saa ya kufunga ofisi ilipofika tukaenda zetu. Jumapili usiku maji yaliingia katika vitongoji vya chini. Jumatatu alikuja bibi mmoja aliyepoteza magunia yake yote ya mpunga, pamoja na mbegu, akasimama mbele ya ule ubao. Yeye hakujua kusoma. Mjukuu wake alimsomea. Kisha alituuliza kwa upole tu: “Wanangu, ninyi mlijua tangu lini?” Tukamjibu, “Tangu Ijumaa, bibi.” Hakusema neno jingine, akaenda zake. Tungalipenda atutukane.

Basi twaona ya kuwa tahadhari iliyobandikwa haijatolewa bado. Imetolewa pale mwenye shamba la mwisho kabisa alipoisikia na kuifahamu. Na kuifahamu si jambo dogo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia madaraja matatu: angalizo, ambalo rangi yake ni njano, tahadhari, ambayo ni rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, ambayo ni nyekundu. Wengi wetu husoma maneno hayo kana kwamba ni neno moja. Yafaa tuyaeleze kwa matendo. Likitolewa angalizo, vitu vipangwe na mtumbwi utazamwe. Ikitolewa tahadhari, watoto, wazee na wagonjwa wapande nchi ya juu. Ikiwa ni tahadhari kubwa, asibaki mtu bondeni, hata kama kwake jua lingali lawaka.

Wenzetu wa delta wana hatari ya pili, kwa kuwa wametazamana na bahari. Wapo wasemao ya kuwa tufani hazifiki pwani yetu. Mwaka 1952 tufani ilipiga Lindi ikaua watu, na tarehe 4 Mei 2024, bonde likiwa bado limelowa, tufani iliyoitwa Hidaya ilifika Mafia, mbele ya mlango wa Rufiji. Kwa bahati ilidhoofika ilipogusa nchi kavu, tena habari zake zilitangazwa mapema. Bahati hiyo tusiifanye kuwa desturi.

Sasa tuingie nyumbani. Tukianza na chakula, mbegu ya mwaka ujao isikae pamoja na chakula cha mwaka huu. Itiwe katika chombo kisichoingiza maji, ipelekwe kwa ndugu aliye juu kabla ya masika. Mwenye kupoteza chakula huweza kupewa msaada. Mwenye kupoteza mbegu hupoteza na mwaka unaofuata, maana msaada wa mbegu mara nyingi hufika siku za kupanda zimekwisha pita. Ghala ya bondeni isimame juu ya nguzo, kama dungu, na kipimo cha urefu wake kiwe alama ya gharika kubwa waliyoikuta wazee, si ya mwaka jana.

Karatasi za nyumba, yaani vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, vitambulisho na hati za shamba, zifungwe pamoja ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ajue kila mtu mahali ulipo. Sisi tukaao ofisini twajua taabu ya mtu ajaye kuomba haki yake naye hana karatasi. Wakati mwingine sisi ndio tunaomrudisha. Kiberiti kitiwe katika chupa yenye kizibo. Simu isiachwe kuisha nguvu wakati wa masika.

Lililo kubwa zaidi ni kupatana mapema juu ya watu. Nani atamchukua bibi asiyeweza kutembea? Nani atawafungulia mbuzi? Tutakutana wapi tukipotezana gizani? Maswali haya yakiulizwa usiku wa maji hayajibiwi. Yakiulizwa jioni moja ya ukame, kwenye chakula, hujibiwa kwa dakika chache. Tena watoto waonywe wasivuke maji yaendayo kasi. Maji ya magotini huweza kumwangusha mtu mzima, na Rufiji ina mamba na viboko, ambao gharika huwaleta mpaka uani.

Maji yakishuka, hatari haijaondoka. Vyoo vimefurika na visima vimeingiliwa, na hapo ndipo kipindupindu hupata nafasi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama kuni zimelowa na moto ni shida. Matabibu wetu hapa watalieleza jambo hili vizuri zaidi baada ya chai.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 yataka kamati za maafa mpaka katika ngazi ya kijiji. Kamati zipo katika karatasi. Kazi yetu ni kuona kama zipo na penye madungu. Kwa hiyo Halmashauri yapendekeza kila kituo cha bondeni kiandike majina ya vitongoji vyake vyote pamoja na mashamba ya mbali, na mbele ya kila jina liandikwe jina la mtu mmoja mwenye baiskeli, pikipiki au mtumbwi, atakayepeleka habari siku ile ile ifikapo, iwe Ijumaa au siku nyingine. Daftari liko mezani kwa Bwana Katibu. Wanachama wa vituo saba wamekwisha kujiandikisha asubuhi hii. Waliosalia twawaomba wapite kwake kabla ya kuondoka, kwa kuwa masika i karibu.