Nchi ya Rungwe, Watu Wake na Kilimo Chake

(Hotuba iliyosomwa Tukuyu mbele ya wanachama na wageni, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka 10)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa siku ya leo. Wenzangu watawasomea hesabu za miaka 10. Mimi nimeombwa nieleze habari za wilaya yetu, wenyeji wake na kilimo chake. Nitazieleza, kisha nitauliza swali moja lituhusulo sote: mtoto wa mkulima wa Rungwe atalima wapi?

Nchi yetu imetokana na moto na maji. Mlima Rungwe, wenye kimo cha zaidi ya meta 2,900, pamoja na Kiejo na Ngozi, ilimwaga majivu na mawe yaliyoyeyuka, na hayo ndiyo yaliyozaa udongo wetu. Mawingu yapandayo kutoka Ziwa Nyasa huzuiwa na milima, na mvua ya hapa Tukuyu hupita milimeta 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana juu, upande wa Isongole, twapata viazi. Katikati twapata ndizi, kahawa na chai. Na chini kabisa, katika tambarare ya Kyela iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya hii, wenzetu walima mpunga na kakao.

Wazee wamesimulia kwamba watawala wa Wanyakyusa walishuka kutoka milima ya Ukinga, wakaja na ng'ombe, chuma na moto. Msafiri Joseph Thomson alipopita pande hizi mwaka 1879 alistaajabia migomba mingi na vijiji vilivyofagiwa vizuri. Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Moravian na wa Berlin. Baadaye serikali ya Wajerumani ikajenga boma lake hapa, ikapaita Neu-Langenburg. Ndiyo Tukuyu ya leo.

Lakini sifa kubwa ya wazee wetu ilikuwa mpango wao wa kukaa. Kwingineko watu walijenga kwa koo. Hapa walijenga kwa rika. Wavulana waliokuwa wakichunga pamoja walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, wakawa kijiji kipya. Walisaidiana kulima na walikula pamoja. Desturi ya kukaa pamoja kwa furaha na mazungumzo waliiita ukwangala. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na wazee wetu katika miaka ya 1934 hadi 1938, waliyachunguza mambo haya, na kitabu cha Mama Wilson juu ya vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951.

Wana wa malafyale walipokuwa watu wazima, ilifanywa sherehe kubwa ya ubusoka. Mioto ya zamani ilizimwa, ukawashwa moto mpya kwa kupekecha. Nchi iligawanywa kwa wana wa malafyale, na wazee wakasogea kando ili vijana wapate mahali pa kulima. Yafaa tulitafakari jambo hili. Wazee hawakungoja kufa ndipo watoto wapate ardhi. Waliwapisha wangali hai, mbele ya watu wote.

Kisha ikaja kahawa. Nyumba ya mianzi yaweza kujengwa kwingine, na mgomba mpya huzaa upesi. Mbuni hauhamishiki. Wataka kungojewa kiasi cha miaka mitatu, na ukitunzwa huzaa kwa miaka mingi. Mtu aliyeupanda hakuwa tayari tena kumpisha mwingine. Shamba likawa mali ya mtu na watoto wake, likakatwa vipande, na vipande vikakatwa tena. Vijana wakaenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, na wengine migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Siilaumu kahawa; imesomesha watoto na kuezeka nyumba mabati. Nasema tu kwamba ilipoondoa desturi ya kupishana, haikuleta nyingine badala yake.

Hapo ndipo ilipo kazi ya ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakulima wa hapa walikuwa na Rungwe African Co-operative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Tumejifunza kwamba jengo na muhuri vyaweza kuondolewa kwa amri. Kisichoondoleka ni wanachama wanaoaminiana mbele ya mizani. Zao la chai latufundisha hivyo hivyo. Lilipandwa Kyimbila tangu mwaka 1904, nalo halimfai mtu aliye peke yake, kwa kuwa jani likichumwa leo halina budi kufika kiwandani leo. Pasipo gari, barabara na kiwanda, jani hilo ni takataka.

Basi naomba mambo matatu yatazamwe na mkutano mkuu. Kwanza, kijana aruhusiwe kulipa kiingilio na hisa kidogo kidogo kutokana na mauzo yake, hata kama ana mibuni 50 tu. Pili, mama anayepalilia, kuchuma na kuanika kahawa aandikwe katika kitabu cha mauzo kwa jina lake, na malipo ayapokee mwenyewe. Tatu, kwa kuwa ardhi haiongezeki, tuongeze mavuno. Mibuni iliyozeeka ing'olewe kwa zamu, ipandwe aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, ambazo zimetolewa na taasisi yetu ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyoanza kazi mwaka 2001. Mzee amgawie mwanawe mistari kadhaa ya miche hiyo akiwa hai, na chama cha msingi kishuhudie na kuandika.

Najua wapo watakaosema vijana hawapendi jembe. Nawauliza: ni nani apendaye kulima shamba asiloweza kuuza hata kilo moja kwa jina lake?

Ndugu Wanachama, wazee wetu walijua kusogea kando bila kupoteza heshima yao. Chama chetu kikiwa kimetimiza miaka 10, tusihesabu magunia peke yake. Katika mkutano mkuu ujao, tuhesabu pia ni vijana wangapi wameketi viti vya mbele.