Kabla hatujaondoa karanga kwenye kifurushi

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Kwenye mkutano uliopita wanachama wengine walisema karanga ziondolewe kwenye kifurushi cha kumpokea mtu anayetoka Nyarugusu, na maembe makavu ya ba mama wetu pia, juu vinakata watu tumbo. Wakasema afadhali sukari. Mimi njo niliandika karanga kwenye ile orodha, kwa hiyo niko na deni la kujibu.

Nianze kwa kukubali kwamba waliolalamika hawakusema uongo. Nilikwenda kwa mama mmoja mzee ambaye alirudisha karanga zake kwa komite. Aliniambia: "Mwanangu, hizi karanga za mradi zilinipiga usiku mzima." Nikamuuliza alikula namna gani. Alikuwa ametoka shamba saa nane, hajala kitu tangu asubuhi, akatafuna viganja viwili vya karanga mbichi akisubiri ugali uive. Meno yake hayafiki nusu. Na miezi mitatu mbele ya hapo aliugua kolera, akalazwa.

Hapo sikuhitaji tena kuuliza sana. Sisi wa Fizi na Uvira tunajua kolera, tunajua na amiba. Ugonjwa unaisha, lakini utumbo unaweza kubaki dhaifu wiki nyingi, hata miezi. Chakula ambacho zamani kilipita vizuri sasa kinaleta gesi, tumbo kunguruma, kuhara kidogo. Mtu anafikiri amelogwa, ao chakula ni kibaya.

Sasa tuangalie karanga yenyewe. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na karibu robo ni protini. Njo maana ile dawa ya watoto wenye utapiamlo, ile pakiti ya Plumpy'Nut munayoona kwenye kituo cha afya, imetengenezwa na karanga zilizosagwa pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Pakiti moja ya gramu 92 inampa mtoto kalori 500. Mukiondoa karanga mukaweka sukari, munaondoa chakula munaweka utamu.

Lakini mafuta mengi kwa mara moja yanakawia tumboni, na mwenye tumbo dhaifu anasikia uzito na kichefuchefu. Karanga mbichi ina pia kitu kinachozuia mwili kusaga protini vizuri, moto unakipunguza. Na punje ambayo haikutafunwa inapita nzima nzima, munaiona wenyewe kule chooni, samahani kwa wanaokula.

Kwa hiyo yule mama hatukumkataza karanga. Tulipumzisha tumbo lake wiki mbili, akala ugali laini, ndagala, ndizi za kupika. Kisha akaanza tena: karanga zilizokaangwa, maganda yake mekundu yamepepetwa, zimesagwa laini kabisa, kijiko kidogo kimoja ndani ya mboga, mchana, si usiku. Siku tatu hakuna shida, akaongeza kijiko cha pili. Leo anakula vijiko viwili vikubwa kwa siku na analala. Hajafika kwenye kiganja cha kutafuna, na sioni haraka ya kufika.

Angalizo moja kuhusu sombe. Wengi wanasema "karanga za kwenye sombe zinanisumbua". Lakini ndani ya ile sufuria kuna majani mengi yenye nyuzinyuzi, mawese, kitunguu, pilipili, na karanga kijiko kimoja. Kitunguu peke yake kinajaza watu wengi gesi. Jaribu kitu kimoja kimoja kabla ya kuhukumu.

Waliozoea korosho kule Tanzania, mujue korosho na karanga si sawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walipima vyakula vinavyoleta gesi kwa watu wenye utumbo mwepesi kuudhika: karanga kidogo zilipita vizuri, korosho zilionekana kusumbua.

Maembe makavu ni habari nyingine, na hapa nawapa walalamikaji haki zaidi. Embe bichi, zaidi ya robo tatu ni maji. Ukilikausha, maji yanaondoka lakini sukari na nyuzinyuzi zote zinabaki. Mtu asiyeweza kula maembe manne kwa mara moja anakula vipande vya maembe manne akipiga hadisi, hata hajui. Sukari ambayo utumbo mdogo haikuweza kunyonya inashuka chini, inavuta maji, vijidudu vinaichachisha: gesi na kuhara. Tende, ndugu zetu Waislamu wanazijua wakati wa kufuturu, ni vile vile: mbili tatu zinatosha, kumi zinasumbua.

Basi vipande viwili, si bakuli. Viloweke kwenye maji yaliyochemka mpaka vilainike, ule kisha chakula, si tumbo tupu. Maji ya kuchemka yanasaidia pia kwa sababu kukausha hakuui vijidudu vyote. Ba mama wa kikundi munisamehe: nimeona maembe yamewekwa juu ya bati kando ya barabara, inzi na vumbi juu. Tumbo likiuma hapo, embe halina kosa. Tulikubaliana juzi kutumia chandarua juu na meza ya fito, na mikono kunawa na sabuni.

Nafika kwenye kosa langu. Kati ya magunia tuliyopokea, mawili yalikuwa na unyevu na harufu ya ukungu. Niliyaona. Gari lilikuwa linangoja, mvua inakuja, nikatia sahihi. Ukungu wa karanga unaweza kuleta sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini. Kukaanga ao kuchemsha kwa kawaida hakuimalizi. Mwaka 2004 kule Kenya watu 125 walikufa kwa sumu hiyo hiyo iliyokuwa kwenye mahindi. Yale magunia tuliyateketeza mbele ya komite, na hakuna familia iliyopewa kitu ndani yake. Hatukuwapa kuku pia, juu sumu inawadhuru na wao. Bei yake inakatwa kwenye malipo yangu ya safari. Wafadhili wataiona kwenye ripoti ya pesa.

Kuna tumbo ambalo si la kujaribishia nyumbani. Damu kwenye choo ao choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, homa, maumivu yanayokuamsha usiku kila mara: nenda kwa muganga. Na mtu akila karanga midomo ikavimba, mwili ukawasha, pumzi ikakata, huyo karanga ni hatari kwake kabisa, hata kijiko kimoja; akimbizwe hospitali. Watoto chini ya miaka mitano wasipewe punje nzima, zinaweza kuwakaba.

Ombi langu kwa komite: kifurushi kibaki na karanga, lakini tuzitoe zimekaangwa na kusagwa, kwenye kopo lenye kifuniko, na kidogo kidogo kila wiki mbili, zisikae zikaota ukungu. Mwenye tumbo dhaifu aseme wakati wa kuandikishwa, apewe ndagala badala yake mpaka apone. Maembe makavu yawe ya kuomba, si ya lazima.

Magunia yaliyobaki yako kwenye depo. Jumamosi saa mbili asubuhi tunayachambua punje kwa punje: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka, inatupwa. Ba mama wenye lungo waje nazo. Wanaume pia, macho munayo.