Barua ya Maombi ya Kazi ya Afya: Mwombaji wa Uuguzi Kanda ya Ziwa

Utangulizi

Tangazo la nafasi za kada ya afya likitoka, steshenari za Mwanza hujaa. Kijana mwenye stashahada ya uuguzi anakaa kando ya mchapaji, anataja jina na namba ya simu, na baada ya dakika chache barua iko tayari: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Aliyemtangulia ameondoka na maneno hayohayo.

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka barua iliyosainiwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, ipandishwe kwenye mfumo wake wa mtandaoni, Ajira Portal, pamoja na vyeti. Vyeti vinaeleza mwombaji alifaulu nini. Alichokifanya kwa mikono yake kitaelezwa na barua.

Kulijibu tangazo

Tangazo la muuguzi huorodhesha majukumu: kutoa huduma za uuguzi, kukusanya takwimu za afya, kutoa huduma za kinga na uzazi. Waombaji wengi huyaruka wakaenda moja kwa moja kwenye sifa na mshahara.

Tuchukue hilo la takwimu. "Nina uzoefu wa takwimu" ni maneno matupu. Aliyefanya mafunzo kwa vitendo katika wodi ya wazazi ana la kusema: "Kwa wiki nane nilijaza kitabu cha MTUHA namba 12 kila zamu, na mwisho wa mwezi nilishiriki kujumlisha taarifa za waliojifungua." Mkunga akisoma hapo anajua mwandishi ameshika kitabu hicho cha kumbukumbu za wanaojifungua.

Mazingira nayo yana uzito. Wilaya ya Ukerewe ina visiwa 38, na mgonjwa wa rufaa anayepelekwa hospitali ya Sekou Toure au Bugando jijini Mwanza lazima avuke ziwa. Mwombaji aliyewahi kumwandaa mama mwenye kifafa cha mimba kwa safari ya maji aeleze hatua zenyewe: dawa aliyopewa kabla ya kuondoka, fomu ya rufaa, simu iliyotangulia hospitali, na nani aliambatana naye.

Siri ya mgonjwa ibaki siri. Kisiwani watu wanajuana; kutaja kijiji na tarehe kunatosha kumfichua mama huyo hata kama jina halipo.

Ukweli

Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Uongo wa kwenye barua hauhitaji uhakiki mkubwa kiasi hicho: swali la pili la usaili linautoa nje. Aliyeandika kwamba amezalisha akina mama kumi ataulizwa alivyozuia damu baada ya kujifungua, na ataanza kutazama dari.

Mapendekezo

Mwanafunzi awe na daftari dogo tangu siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo: wodi, kazi aliyofanya, aliyemsimamia, majina ya wagonjwa yasiwemo. Vyuo vitenge kipindi kimoja kabla ya mahafali cha kugeuza daftari hilo kuwa barua ya ukurasa mmoja.

Na kabla ya kuipandisha, mwombaji ampe muuguzi aliyemsimamia aisome. Tukio ambalo msimamizi halikumbuki lifutwe.