Kemikali Haikai Kwenye Chupa ya Maji

Msikilizaji, ingia gereji mchana wa jua kali. Pale kwenye kona, karibu na matairi, ipo chupa ya maji ya kunywa. Imejaa nusu. Ni maji kweli? Huenda ni tindikali ya betri. Huenda ni thina. Fundi aliyemimina anajua. Kijana aliyeanza kazi leo hajui, na ana kiu.

Kemikali ibaki kwenye chombo chake, chenye lebo yake.

Tazama lebo hiyo. Utaona alama ya mraba yenye kingo nyekundu, imesimama kwa ncha, na ndani yake kuna picha. Fuvu la kichwa: ni sumu kali. Mwali wa moto: inawaka upesi. Matone yanayokula mkono: inaunguza ngozi na macho. Lebo ikifutika, andika nyingine leo hii.

Stoo nayo ina mambo yake. Thina na petroli zikae mbali na mashine ya kuchomelea. Jiki isikae pamoja na tindikali ya kusafishia choo. Zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu. Na wewe bosi, usimwachie mgeni wa kazi ajifunze kwa kunusa.

Narudia: kemikali ibaki kwenye chombo chake, chenye lebo yake.

Ikiruka jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka. Mtu akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali, na ubebe chombo chenye lebo, daktari aisome.