Ruhusa ya Mwenye Mchezo

Ukitaka kumkasirisha mzee wa makamo yangu, mwambie mwanawe anashinda anacheza gemu. Atakujibu kwamba gemu ni kazi ya wasio na kazi. Juma hili mimi nimecheza, na mvi zangu hizi, na naomba nikueleze nilichokikuta humo.

Ilikuwa Ihumwa, kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam, jirani na Mtumba uliko Mji wa Serikali. Nilipeleka karatasi zangu dukani kwa ajili ya fotokopi, mashine ikakwama. Kijana wa duka aliponiona nimechoka kungoja, akanisogezea kompyuta. "Mzee, jaribu hii kidogo. Ni fupi, haifiki hata dakika 20."

Ni msichana mwenye panga mbili. Maadui wanamrushia risasi, si moja wala kumi, bali mamia kwa mkupuo, zimepangwa kama maua, kama mvua ya upepo, kama duara linalopanuka mpaka likajaza kioo. Wajapani huita danmaku, yaani pazia la risasi. Kazi yako ni kupenya pazia hilo, umfikie adui, umkate.

Dakika ya kwanza niliuawa mara nne. Kijana akacheka kwa adabu. "Mzee, usizitazame risasi zote. Tazama ile nukta kifuani mwake." Kumbe siri ya michezo hii ndiyo hiyo! Mwili unaonekana mkubwa, lakini panapoweza kuumia ni pale penye nukta tu. Risasi ikipita kwenye nywele au kwenye sketi, imepita hewani. Na panga ukilicheza kwa wakati wake, risasi zilizo mbele yako zinafutika. Nilipolijua hilo niliacha kukimbia ovyo, nikawa nasogea kidogo kidogo kama mtu anayevuka barabara ya malori. Nilifika hadi kwa mkubwa wao wa mwisho. Alinimaliza, lakini nilifika.

Nikauliza, huyu msichana ni wa nani? Hapo ndipo penye mazungumzo yetu ya leo.

Anaitwa Youmu Konpaku, nusu mtu, nusu mzimu, na kazi yake ni kutunza bustani. (Mtunza bustani mwenye panga mbili! Lakini tuendelee.) Aliyembuni ni Mjapani Jun'ya Ota, anayejulikana kwa jina la ZUN. Ota alianza michezo yake iitwayo Touhou miaka ya 1990, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Tokyo, na Youmu alijitokeza katika mchezo wa mwaka 2003. Programu, michoro na muziki, sehemu kubwa hufanya peke yake. Lakini mchezo nilioucheza mimi hakuutengeneza yeye. Umetengenezwa na mashabiki wake, na hawakumwibia.

Hawakumwibia kwa sababu aliwaruhusu mapema, tena kwa maandishi. Masharti yapo: usiwadanganye watu kwamba kazi yako ni yake, wala usichomoe picha na muziki ndani ya michezo yake ukavitia katika wako. Chora mwenyewe, piga muziki mwenyewe. Mashabiki wakaitika. Wametoa vitabu vya katuni, nyimbo na michezo isiyohesabika, na nyingi huuzwa Tokyo katika soko la Comic Market, lililoanza mwaka 1975. Je, Ota amefilisika? Hata kidogo. Walioanza na michezo ya mashabiki ndio wanaorudi kununua ya kwake.

Sasa turudi kwetu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka anayegeuza kazi ya mwenzake apate ruhusa. Ni haki kabisa. Wasanii wetu wameibiwa vya kutosha. Lakini shabiki hatuna mahali pa kumweka. Derek Mukandala, yaani Lufufu, alitia sauti ya Kiswahili katika filamu za nje, na mitaa mizima ikamfuata. Tulimpenda, ila hakuna aliyeuliza alisimama upande gani wa sheria.

Na kijana wa Ihumwa je? Anajifunza kutengeneza mchezo wake kwa Godot, programu inayotolewa bure. Angependa shujaa awe Kipanya, yule wa katuni za Masoud Kipanya, akikatakata risasi kwa panga. Aliniuliza amwandikie nani, alipe nini, na kama mchezo wa bure nao unahitaji ruhusa. Maswali matatu ya haki, na hakuna ukurasa wowote mahali popote alipoyakuta majibu.

Wachoraji wetu wa katuni, nyie mnaotusikiliza, ukurasa mmoja unatosha. Andikeni: hiki mnaruhusu, hiki hapana, kwa biashara tuonane. Hata "hapana" tupu ni jibu, maana kijana atabuni mtu wake mwenyewe na kazi itaendelea.

Kwa sasa hathubutu. Shujaa wake ni kisanduku chekundu chenye pembe nne, na panga lake ni mstari mweupe.